Umeme wa jua wa nyumbani wilayani Same

Umeme wa jua wa nyumbani wilayani Same ni matumizi ya paneli za sola kuzalisha umeme wa taa, simu, redio na runinga katika kaya za Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wilaya hiyo ina tambarare kame pamoja na Milima ya Pare Kusini yenye ukungu na mvua. Kwa sababu hiyo paneli ya aina moja hutoa kiasi tofauti cha umeme kulingana na mahali ilipofungwa, na gharama yake halisi hutofautiana vilevile.

Jiografia na mwanga wa jua

Same iko karibu nyuzi 4 kusini kwa ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Tofauti kubwa huletwa na mawingu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ya milima na kuacha mvua huko. Mji wa Same, ulio upande wa magharibi, umo katika kivuli cha mvua na hupata takriban milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Juu milimani, karibu na msitu wa Chome na kilele cha Shengena (mita 2,462), mvua huzidi milimita 1,000, na ukungu huweza kukaa kwa siku kadhaa.

Umbo la milima nalo lina athari. Kijiji kilicho kwenye mteremko wa magharibi hufikiwa na jua kwa kuchelewa asubuhi, na kile cha mashariki hulipoteza mapema alasiri. Kivuli cha mgomba au mti kinachoangukia sehemu ndogo ya paneli huweza kupunguza umeme wa paneli nzima, kwa sababu seli zake zimeungwa kwa mfululizo.

Vifaa

Mfumo wa kawaida una paneli, kidhibiti chaji, betri, taa za LED na nyaya. Kidhibiti chaji huzuia betri kujazwa kupita kiasi au kuishiwa kabisa. Inveta huhitajika pale tu panapotumika vifaa vya volti 230. Taa na redio nyingi za sola hutumia volti 12 moja kwa moja.

Paneli hufungwa ikielekea kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili maji ya mvua yateremke na vumbi lisikae. Katika tambarare za Same vumbi ni jingi wakati wa kiangazi, hivyo paneli huhitaji kufutwa mara kwa mara.

Joto hupunguza nguvu ya paneli za silikoni kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi juu ya 25. Kwa hiyo tambarare ina jua jingi zaidi, lakini baridi ya milimani huzisaidia paneli kufanya kazi vizuri jua linapotoka.

Mfano wa hesabu

Kaya yenye taa 4 za wati 5 zinazowaka saa 5 hutumia wati-saa 100 kwa siku. Kuchaji simu mbili huongeza takriban wati-saa 20, na redio ya wati 5 kwa saa 4 huongeza 20 nyingine. Jumla ni wati-saa 140.

Tambarare, siku yenye jua kamili la saa 5, paneli ya wati 50 huzalisha wati-saa 250. Baada ya kutoa asilimia 30 inayopotea katika joto, nyaya na betri, hubaki 175, nazo zinatosha. Milimani, siku ya ukungu yenye jua linalolingana na saa 2 tu, paneli hiyohiyo huacha wati-saa 70, yaani nusu ya mahitaji. Kaya ya huko huhitaji paneli ya wati 100 kwa matumizi yaleyale, pamoja na betri kubwa zaidi ya kuvuka siku za ukungu.

Gharama na betri

Paneli bora hudumu miaka 20 au zaidi. Betri ya risasi na asidi hudumu kwa kawaida miaka 2 hadi 5, kwa hiyo hununuliwa mara kadhaa katika uhai wa paneli moja. Betri hiyo haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake: betri ya volti 12 na ampea-saa 40 ina wati-saa 480, lakini zinazofaa kutumika kila siku ni 240. Joto pia huifupishia maisha: kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 huyapunguza kwa karibu nusu. Kwa hiyo katika tambarare betri huwekwa ndani, mahali penye kivuli na hewa. Betri za lithiamu hudumu zaidi na huweza kutumiwa zaidi ya asilimia 80 ya ujazo, ingawa bei yake ya kununulia ni kubwa.

Njia nyingine ya kununua ni malipo ya kidogokidogo kwa simu. Iliwezekana baada ya huduma za pesa kwa simu kuenea, ikiwemo M-Pesa iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Kaskazini mwa nchi, makampuni ya Off Grid Electric (baadaye Zola Electric) na Mobisol yalifanya kazi kutoka Arusha. Mobisol ilinunuliwa na ENGIE mwaka 2019. Mteja hulipa kianzio, kisha awamu, na mfumo hujifunga asipolipa. Jumla ya malipo huzidi bei ya fedha taslimu. Kwa mkulima wa tangawizi au kahawa anayepata fedha wakati wa mavuno, awamu za kila wiki au mwezi huweza kuwa ngumu kuliko bei yenyewe.

Uhusiano na gridi

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Chini ya miradi yake, ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000, bila gharama ya wayaringi ya ndani ya nyumba. Nyumba ndogo huweza kutumia kifaa cha UMETA (Umeme Tayari) badala ya wayaringi.

Kwa wateja wadogo wa TANESCO wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kaya ya mfano wa juu hutumia uniti 4.2 kwa mwezi, yaani shilingi 420. Betri peke yake huizidi gharama hiyo kwa mbali. Hivyo mahali nguzo zilipofika, sola haishindani kwa bei ya uniti. Faida yake hubaki katika nyumba zilizo mbali na nguzo, na kama akiba umeme unapokatika, kama ilivyokuwa wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024.

Mazingira

Betri zilizokufa zina risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Zikitupwa karibu na mifereji au ndiva, yaani mabwawa ya jadi ya umwagiliaji ya Wapare, huweza kuchafua maji ya mashamba. Risasi hiyo huweza kuyeyushwa na kutumika tena, kwa hiyo betri kuukuu hununuliwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu.