Sukari, Damu Inayoganda na Usahaulifu wa Uzeeni: Hoja kwa Zahanati za Usambara

Mzee wa Vuga akianza kuuliza jambo lile lile mara kwa mara, jamaa husema ni umri. Wengine hunong'ona kwamba karogwa. Makala hii inashikilia kuwa maswali ya kwanza yawe mengine: sukari yake ni ngapi, presha je, na mapigo ya moyo yanakwenda sawa?

Kwamba kisukari na demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, hufuatana si habari mpya. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta hatari ya demensia kwa wenye kisukari ikikaribia maradufu. Kinachobishaniwa ni njia, na mojawapo inapita katika damu yenyewe. Mwili uliokuwa sugu kwa insulini, hasa wenye mafuta mengi tumboni, hutoa kwa wingi protini iitwayo PAI-1, ambayo huzuia bonge la damu lisiyeyuke. Chembe sahani nazo hunatana upesi, na sukari hujishikiza kwenye faibrini, nyuzi zinazolishika bonge, zikawa ngumu kukatika. Katika mishipa midogo ya ubongo hakihitajiki kiharusi cha kumwangusha mtu. Vijibonge visivyoonekana kwa macho huua sehemu ndogo ndogo za ubongo, miaka nenda rudi, bila mtu kulalamika maumivu. Maabara ya Sidney Strickland, Rockefeller University, New York, imeonyesha zaidi: amiloidi-beta, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, hushikamana na fibrinojeni, protini inayogeuka kuwa faibrini, na kuzaa bonge sugu. Mpaka uliozoeleka kati ya Alzheimer na demensia ya mishipa hauna budi kuangaliwa upya.

Je, yanatuhusu milimani? Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake waliripoti kisukari kwa takriban mtu mmoja kati ya mia katika vijiji sita vya Tanzania. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Mbinu zilitofautiana, kwa hiyo tusilinganishe takwimu hizo kibubusa. Lakini mwelekeo haufichiki. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kati ya wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, demensia ilikadiriwa kuwa asilimia 6.4.

Hapa wengi hukimbilia aspirini "kulainisha damu". Wasifanye hivyo. Jaribio la ASPREE, lililohusisha wazee 19,114 wa Australia na Marekani wasio na ugonjwa wa moyo, lilionyesha kuwa aspirini ya kila siku haikupunguza demensia, ila iliongeza kuvuja damu. Hilo haliiangushi nadharia ya kuganda kwa damu. Linatuonya tu kwamba chembe sahani, ambazo aspirini huzizuia zisinatane, si kisa kizima. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo nayo huweza kuzalisha mabonge ya damu, ana tiba yake nyingine, kwa daktari.

Kipimo cha kumbukumbu tunacho tayari. Kile cha IDEA, kilichoandaliwa Hai, humtaka mzee kupanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa, kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka maneno. Hakihitaji kalamu, hivyo asiyesoma hafedheheki. Waganga wakuu wa Halmashauri za Bumbuli na Lushoto wakiingize katika kliniki ya kisukari, wakianza na wagonjwa waliovuka miaka 60 ambao tayari wana kadi.