Kilomita 762 ambazo hazikuwepo

Nilipotea kidogo kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na nimeona heri niwasimulie.

Mteja mmoja wa ndege za kukodi aliniomba programu ndogo: unachagua viwanja viwili, inakupa kilomita, muda na bei. Nikaona ni kazi ya jioni moja. Nilichukua tofauti ya latitudo na tofauti ya longitudo, nikaziingiza katika kanuni ya Pythagoras ile ya shule ya msingi, nikazidisha kwa 111.2, maana digrii moja ya duara la dunia ni takriban kilomita hizo. Nikajaribu JKIA hadi uwanja wa Moi, Mombasa. Kilomita 423. Sawa kabisa! Nikaenda kulala.

Kisha rafiki yangu anayeishi Norway akajaribu Oslo hadi Stockholm. Programu ikamwambia 762. "Ndugu yangu, hiyo ni karibu mara mbili," aliniandikia. Kweli, ni kama 385. Bei nayo ilikuwa imepaa vivyo hivyo.

Kumbe mistari ya longitudo husogeleana hadi ikakutana kwenye ncha za dunia. Huku kwetu karibu na Ikweta, digrii ya longitudo na ya latitudo zinakaribia kulingana, ndiyo maana Mombasa haikunishtaki. Kule kwenye latitudo 60 imebaki nusu.

Mabaharia walijua haya zamani. Walikuwa na kanuni ya pembetatu za tufe inayotumia kosini, ila kwa safari fupi inasumbua. Chukua Wilson hadi JKIA, kama kilomita 13: kosini ya pembe yake ni 0.999998. Katika jedwali la tarakimu nne utasoma 1.0000, yaani bado uko Wilson! Dawa yao ilikuwa havasini: sini ya nusu ya pembe, ikazidishwa kwa yenyewe. Namba ndogo inabaki ndogo, haimezwi na 1. Mwingereza James Inman, mwalimu wa wanamaji, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1835. Mwaka 1984, R. W. Sinnott aliitetea upya katika jarida la Sky & Telescope, na hadi leo waandishi wa programu tunainakili, wengi bila kujua ilitoka melini.

Muda una historia yake. Shirika la East African Airways lilianza Januari 1946 na ndege ndogo za Dragon Rapide, zenye mwendo wa kama kilomita 210 kwa saa. Kwa mwendo huo, 423 ni saa mbili. Jeti ya kilomita 800 kwa saa ingetumia dakika 32, lakini ratiba husema karibu saa nzima, kwa kuwa huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa kule iendako, pamoja na kupanda na kushuka. Basi nimeongeza dakika 30 kwa kila safari.

Mteja ameuliza kama kuna viwanja vingine sijajaribu. Nimeanza na Wilson hadi JKIA: dakika 31. Kwa gari, itategemea msongamano wa Mombasa Road.