Sikio Linavyopambanua Sauti

Ndugu msikilizaji wa Noonkopir, kengele mbili za ng'ombe zikilia, sikio lako hujua ipi ni nyembamba zaidi. Mwaka 1863 Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba ndani ya sikio mna kitu kama nyuzi za kinanda, kila uzi na sauti yake. Hakuwa mbali sana. Baadaye Georg von Békésy, akichunguza masikio ya maiti, aliona wimbi likipita kwenye utando: sauti nyembamba hutikisa zaidi mwanzo wake, nzito mwisho wake. Akatuzwa Nobeli 1961.

Kwenye sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, sikio zima hutambua tofauti ya mitetemo kama 3 tu! Lakini vinyweleo vya utandoni vikiuawa na kelele havioti tena. Fundi wa kuchomelea, utingo wa matatu, masikio yakivuma jioni, nenda ukapimwe.