Mafumbo ya Unyago na Wafunuzi Wake, Nachingwea na Ruangwa

Kwa Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, kama kwa jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, nyimbo nyingi za unyago hazikutungwa zieleweke papo hapo. Mwali huimbishwa fumbo, huonyeshwa shanga nyekundu na nyeupe, huulizwa, hushindwa. Ndipo nyakanga, mwalimu wa unyago, humfunulia kwamba nyekundu ni hedhi na nyeupe ni twahara. Giza hilo ni la makusudi, nalo ndilo lililozaa kazi ya nyakanga. Augustine, askofu Mwafrika wa Hippo aliyekamilisha kitabu chake cha mafundisho ya Kikristo yapata mwaka 426, aliona hivyo hivyo kuhusu Maandiko: ugumu hushusha kiburi, na kilichopatikana kwa taabu hakidharauliwi.

Ukifuata historia ya kazi hii ya nyakanga utaona kinachopotea upesi. Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905, na njaa iliyofuata, vilitawanya watu. Mwaka 1906 mwanaethnografia Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala na fonografia, akanasa nyimbo kwenye silinda za nta. Sauti zikaenda Ujerumani, wafunuzi wakabaki huku. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliweka jando la Kikristo, yaani unyago wa wavulana: umbo la zamani, mafundisho mapya. Kisha mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 ukaijaza Nachingwea wageni na vibarua. Ruangwa ilipokuwa wilaya, mwaka 1995, shule zilikuwa zimekwisha kushika kalenda, na leo sherehe hubanwa ndani ya likizo. Wimbo hustahimili haraka hiyo, maana ngoma huubeba. Ufafanuzi hauwezi, unataka siku, na mtu wa kuulizwa.

Wapo watakaosema fumbo ni hila ya wazee ya kushika madaraka, na kwamba msichana anastahili kuujua mwili wake kwa maneno ya wazi, darasani. La darasani nalikubali bila sharti. Na hila ipo pale fumbo linapoachwa bila kufunuliwa, lakini hapo kosa ni la mfunuzi. Jerome, mfafanuzi wa Maandiko wa zama za Augustine, akimjibu mpinzani wake Rufinus yapata mwaka 401, aliandika kwamba kazi ya mfafanuzi ni kuliweka wazi lililofichika na kutaja maoni ya wengi, msomaji apime mwenyewe. Nyakanga anayemwacha mwali gizani ameivunja kazi yake mwenyewe.

Basi walimu na maofisa utamaduni wa Nachingwea na Ruangwa wanaorekodi nyimbo hizi wasiondoke na wimbo mtupu. Wakae na nyakanga zaidi ya mmoja, waombe ruhusa, waandike ufafanuzi wa kila mmoja pamoja na ukoo aliojifunzia, hata wanapopingana. Wafanye hivyo sasa, wazee wangali hai.