Msamiati wa Komedia katika Kilatini: Ukopaji, Uundaji na Matumizi ya Istilahi

1.0 Utangulizi
Mjadala wa istilahi za Kiswahili katika kanda yetu mara nyingi huendeshwa kana kwamba lugha ina njia mbili zisizopatana: kukopa kutoka nje au kuunda kutokana na mizizi yake. Makala haya yanatumia msamiati wa komedia ya Kirumi ya karne ya 3 na ya 2 KK kuonyesha kwamba njia hizo zilitumika bega kwa bega, na kwamba kilichodumisha istilahi ni kazi iliyopewa.

2.0 Maneno ya Majirani
Mwanahistoria Titus Livius anasimulia kwamba mwaka 364 KK, wakati wa tauni, Warumi waliwaita wachezaji wa Kietruski ili kuituliza miungu. Analihusisha neno histrio, yaani mwigizaji, na lugha ya wageni hao. Persona, barakoa ya mwigizaji, nalo huhusishwa na wanaisimu wengi na neno la Kietruski phersu, lililoandikwa kando ya mchoro wa mtu aliyevaa barakoa katika kaburi la Tarquinia. Baadaye persona lilihama jukwaani likaingia katika sheria kwa maana ya mtu. Kigiriki kilitoa comoedia na scaena. Mji wa Atella, katika eneo la wasemaji wa Kioska, uliupa jina mchezo wa Atellana, wenye wahusika bapa kama Maccus mjinga na Pappus mzee.

3.0 Maneno ya Nyumbani
Wakati huohuo Kilatini kilipanua maana za maneno yake ya kila siku. Grex, kundi la mifugo, likawa pia kundi la waigizaji. Partes, sehemu, likawa nafasi anayoigiza mtu. Sehemu iliyoimbwa iliitwa canticum, kutokana na kitenzi cha kuimba. Komedia zenyewe zilitofautishwa kwa mavazi: palliata, kutokana na pallium, joho la Kigiriki, na togata, kutokana na toga ya raia wa Roma. Hivyo, neno la mkopo lilibaki jina la jumla, ilhali maneno ya nyumbani yalibeba tofauti ambazo Wagiriki hawakuwa na haja nazo.

Istilahi nyingine ilizaliwa mbele ya hadhira. Katika utangulizi wa Amphitruo, Plautus anamfanya mungu Mercurius aeleze kwamba mchezo wenye miungu, wafalme na mtumwa hauwezi kuwa komedia tupu. Anauita kwa jina la mchanganyiko, ambalo ndilo chimbuko la tragikomedia. Mzaha wa jukwaani uligeuka istilahi ya wahakiki.

Tumzingatie pia Terentius. Kwa mujibu wa Suetonius, alizaliwa Carthage, Afrika ya Kaskazini, akafika Roma akiwa mtumwa. Komedia zake 6, zilizoigizwa kati ya 166 na 160 KK, zilisomeshwa kwa karne nyingi kama kielelezo cha Kilatini safi.

4.0 Kiswahili na Hitimisho
Kiswahili nacho kina komedia, ramsa, futuhi na kichekesho, na mipaka yake huingiliana kutoka kitabu hadi kitabu. Julius Nyerere alipoitafsiri komedia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), alitumia neno lenye asili ya Bara Hindi, ambalo hapo awali lilimaanisha mfanyabiashara na ambalo wakati huo lilikwisha kubeba uzito wa kisiasa. Neno la mkopo lilifanya kazi ambayo neno la kawaida la biashara lisingeifanya.

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyombo vya usanifishaji vigawe kazi kati ya istilahi zilizopo badala ya kuteua moja na kuzifuta nyingine. Pili, waandishi, waigizaji na watafsiri wa nchi zote jirani, wakiwemo wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, washirikishwe kabla istilahi hazijachapishwa. Kielelezo cha Kilatini safi kilitoka Carthage. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kielelezo cha Kiswahili kitatoka pwani pekee.