Ukanda Unaokalika na Jirani wa Kusini
Usiku wa Julai, msimu wa kuvuna pamba, anayesimama Kiloleli mkoani Simiyu akielekea kusini huiona Alpha Centauri iking'aa karibu na Msalaba wa Kusini. Nyota hiyo, ambayo kwa darubini hugeuka kuwa nyota mbili, ni jirani wa Jua, na ujirani huo ulipimwa kwanza kutoka ardhi ya Afrika, kwani Thomas Henderson aliichunguza akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, ingawa alichelewa kuchapisha matokeo hadi 1839. Mwaka 1915, jijini Johannesburg, Robert Innes aligundua mwenzi wao hafifu, Proxima Centauri, asiyeonekana bila darubini, aliye umbali wa miaka nuru 4.24, yaani umbali ambao mwanga huukata kwa miaka minne na ushei.

Mwaka 1959 Su-Shu Huang alieneza dhana ya ukanda unaokalika, yaani eneo linaloizunguka nyota ambamo maji ya sayari hayachemki yakaisha wala hayagandi yote. James Kasting na wenzake walikadiria mwaka 1993 kuwa kwa Jua ukanda huo huanzia asilimia 95 ya umbali wetu kutoka Jua na kuishia asilimia 137. Proxima, kwa kuwa ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kubwa, ukanda wake umesogea karibu sana, kama wazee wa Kisukuma wanavyosogeza vigoda kwenye shikome, moto wao wa jioni, makaa yanapofifia.

Ndani ya ukanda huo, Agosti 2016, kundi la Guillem Anglada-Escudé lilitangaza sayari Proxima b, iliyotambuliwa kwa jinsi inavyoiyumbisha nyota yake kidogo ikiizunguka kila siku 11.2. Hata hivyo, kuiita Dunia ya pili ni haraka, kwa sababu neno "unaokalika" linaahidi mengi kuliko linavyothibitisha. Machi mwaka huohuo Proxima ililipuka ikang'aa takriban mara 68 ya kawaida yake, na mionzi ya milipuko ya namna hiyo, ikirudiarudia, inaweza kuipokonya sayari hewa yake, na pasipo hewa maji hayadumu juu ya ardhi, hata sayari ikae mahali panapofaa namna gani. Kama Proxima b imebakiwa na hewa, hilo ni miongoni mwa maswali yanayoisubiri darubini ya Ulaya yenye kioo cha mita 39, inayojengwa katika jangwa la Atacama nchini Chile.