Kiswahili na Dola Baada ya Uhuru: Somo Kutoka Midia

Wanafunzi wetu wanapochunguza siasa za nchi za Afrika baada ya uhuru, aghalabu huanza na katiba, vyama na mapinduzi. Katika makala haya tunapendekeza waanze na lugha, tena mahali kama Midia.

Midia imo katika wilaya ya Koboko, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Wakakwa wa huko wana ndugu zao Kongo na Sudani Kusini, kwani mipaka ya wakoloni iliwagawa. Eneo lenyewe lilitawaliwa kutoka Kongo hadi 1910, kisha kutoka Sudani, na likaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Mmoja wao alikuwa Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1973 wilaya 12 zilipendelea Kiswahili na 8 Luganda, na Agosti mwaka huo akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, shule ziliendelea na Kiingereza. Raia wengi wa kusini walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari mwenye bunduki. Chuki dhidi ya dola ikageuka chuki dhidi ya lugha.

Amin alipoanguka Aprili 1979, West Nile nzima ilibebeshwa lawama. Maelfu walikimbilia Sudani na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali.

Mwaka 2005 katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi walimu tunafurahi, lakini tusisahau kwamba amri pekee haikutosha mwaka 1973. Kabla ya kufundisha ngeli, hatuna budi kumsikiliza mwanafunzi anayeogopa lugha hii, na kumweleza kwamba hofu yake ina historia. Tukiinyamazia historia hiyo, tutafundisha sarufi kwa masikio yaliyozibwa.